Ukuta wa Mtu na Rangi ya Mwingine

Kila mara maandishi au sura za rangi zinapozuka usiku katika ukuta wa soko, wa shule au wa ghala, hujitokeza makundi mawili ya wasemaji, moja likilia kuwa mji umechafuliwa na adabu ya vijana imekwisha, na la pili likijibu kuwa kilichotendeka ni sanaa na kwamba wanaolalamika hawana macho ya kuona uzuri. Na kwa kuwa kila kundi hujibu swali ambalo mwenzake hakuuliza, mabishano hayo huendelea miaka nenda miaka rudi bila ya hukumu. Naona kuwa hapa pamechanganywa mambo mawili ambayo insafu inataka yatenganishwe. Swali la kwanza ni la ustadi: je, aliyechora anajua kuchora? Swali la pili ni la haki: je, ukuta ule ni wake, au alipata idhini ya mwenyewe? Jibu la moja halilazimishi jibu la jingine, maana sura nzuri mno iliyochorwa juu ya nyumba ya mjane bila ya ridhaa yake ni dhuluma pamoja na uzuri wake wote, na mchoro mbovu ambao mtu ameuweka katika kiambaza chake mwenyewe haumdhulumu mtu.

Nayasema haya nikiwa na Kilosa na Mikumi moyoni, miji miwili ya wilaya moja katika Mkoa wa Morogoro ambayo aghalabu haitajwi panapozungumzwa habari za grafiti, kwa dhana kwamba jambo hilo ni la Dar es Salaam, la Nairobi na la miji mikubwa ya ng'ambo. Kilosa ni mji wa reli, uliokua kwa ile njia ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914. Ni mji wa boma na wa maghala, jirani wa mashamba ya katani ya Kimamba, na wa Mto Mkondoa ambao huulisha na mara nyingine huugharikisha. Mikumi ni mji wa barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya na Zambia, uliopakana na hifadhi ya wanyama iliyotangazwa mwaka 1964, na riziki ya wakazi wake wengi hutokana na msafiri anayesimama kula, kulala au kutia mafuta. Katika miji yote miwili ukuta unaotazama njia ni mali yenye thamani, na mtu atembeaye taratibu kutoka stesheni mpaka sokoni, au kutoka mwanzo wa mji hadi mwisho wake, atatambua kuwa swali la nani ana haki ya kuandika ukutani lilikwisha kujibiwa kwa vitendo kabla ya kijana wa kwanza kununua kopo la rangi ya kupuliza.

Jibu hilo ni kwamba huandika mwenye nguvu. Kampuni za vinywaji, na baada yao kampuni za simu, zimezipaka nyumba na maduka ya kando ya barabara zetu rangi zao kuanzia msingi hadi kwenye bati, nyumba baada ya nyumba, na mwenye nyumba, ambaye mara nyingi faida yake ni kupata rangi mpya bila ya gharama, huridhika. Huyo angalau ameulizwa. Dola nayo huandika. Mkazi wa mji wowote ulio kando ya barabara kuu anaijua alama ya X, ile ambayo hupakwa upesi kwa brashi pana katika ukuta wa nyumba iliyoonekana kuingia ndani ya hifadhi ya barabara, na anajua pia kuwa rangi yake ni hukumu: nyekundu kwa asiye na haki ya fidia, na kijani kwa yule ambaye eneo lake lilimezwa pale Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipoipanua hifadhi hiyo kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Watu wameishi na alama hizo miaka mingi, wakapika, wakazaa na wakazika nyuma yake, wala hawathubutu kuzifuta. Kisha wapo wadogo, ambao huandika kwa hofu au kwa kutafuta riziki: mwenye kiwanja anayeandika kwa herufi kubwa kwamba nyumba hii haiuzwi na kwamba watu waogope matapeli, mganga anayeacha namba yake ya simu katika kila nguzo, na wafuasi wa wagombea ambao majina ya wakubwa wao hubaki ukutani hata baada ya kura kuhesabiwa na ahadi kusahauliwa.

Simkatalii mwenye mamlaka mamlaka yake, wala sidai kuwa kosa la mmoja huhalalisha kosa la mwingine. Ninachokitaka ni kwamba mtu anapotoka nyumbani kwa hasira kwenda kumshitaki kijana aliyeandika jina lake chini ya daraja, akumbuke kwamba kijana huyo amezaliwa na kukua katika mji ambao kuta zake zote zinasema naye, zikimwuzia, zikimwonya na zikimwamuru, ilhali hapana hata ukuta mmoja uliowahi kumwuliza yeye anataka kusema nini.

Tuingie sasa katika swali la ustadi, kwa kuwa wapo watu wema wanaoamini kwa dhati kwamba rangi ya ukutani haiwezi kuwa sanaa hata ikiwa mwenye ukuta ameridhia. Hao nawaalika waende Mombasa, katika Ngome ya Yesu ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Humo ndani, miongoni mwa vitu vinavyohifadhiwa kwa taadhima kubwa, imo michoro ya merikebu, makanisa na watu, iliyochorwa kwa rangi nyeusi ya makaa na kwa udongo mwekundu katika ukuta wa ngome na mikono ya Wareno wa kikosi kilichokuwa kikilinda pale, watu waliokuwa mbali na kwao na ambao siku zao zilikuwa ndefu. Lipu yenye michoro hiyo ilibanduliwa kwa uangalifu na kuwekwa mahali ambapo wageni hulipa kiingilio ili waione. Vivyo hivyo katika magofu ya pwani yetu, ya Kilwa yakiwemo, zimo sura za majahazi zilizokwaruzwa katika lipu ya kuta karne nyingi zilizopita, na wataalamu Peter na Margaret Garlake walizikusanya na kuziandikia makala mwaka 1964, wakasoma ndani yake namna ya milingoti, tanga na tezi za vyombo ambavyo havipo tena baharini. Aliyekwaruza ukuta ule hakujua kuwa anatuandikia tarikhi. Na yamkini mwenye nyumba alimkaripia.

Tena hatuna haja ya kwenda pwani. Ukipanda kutoka Kilosa kuelekea Dodoma na kupita mbele zaidi kaskazini utafika Kolo, katika Kondoa, ambako mapango na majabali yana michoro ya wanyama na watu iliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2006, ile ambayo Mary Leakey aliinakili mwaka 1951 akihofu kwamba inatoweka. Michoro ya kale zaidi ni myekundu, na inasadikiwa kuwa kazi ya wawindaji. Juu yake, mahali pengi, imepakwa michoro myeupe ya watu waliokuja baadaye. Hapo pana jambo zito. Aliyepaka rangi nyeupe aliifunika kazi ya mwenzake aliyemtangulia, na leo sisi tunaihifadhi nyekundu na tunaihifadhi nyeupe, bila ya kumwita yeyote kati yao mharibifu. Msomaji mwerevu ataniuliza: ikiwa hivyo, kwa nini tumlaumu mgeni wa leo anayechukua kipande cha mkaa akaandika jina lake juu ya nyeupe hiyo? Namlaumu, na namlaumu sana, kwa sababu shauri la haki huhitaji mwenye kudai, na juu ya jabali la Kolo wenye kudai wapo hai: wapo wazee wa jirani ambao baadhi ya mapango hayo kwao ni mahali pa matambiko mpaka leo, lipo taifa lililoyatangaza kuwa amana, na wapo watoto ambao hawajazaliwa. Madai ya mchoraji wa nyekundu juu ya mchoraji wa nyeupe hayakutufikia, na hatuwezi kuyahukumu. Madai ya hawa yako mbele yetu.

Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 imeukata mgogoro huu kwa njia yake, kwa kuuweka mwaka 1863 kuwa mpaka, hata ikawa kilichochorwa au kuchongwa kabla ya mwaka huo kina ulinzi kwa kuwepo kwake tu, na kilichokuja baadaye sharti kitafutiwe ulinzi kwa tangazo maalumu. Sheria haina budi kuweka mpaka mahali fulani, nami siilaumu. Lakini asije mtu akadhani kwamba ustadi ulikoma siku ile, au kwamba miaka ndiyo inayogeuza mkwaruzo kuwa hazina. Dakta Livingstone alipofika katika maporomoko makubwa ya Zambezi mwaka 1855 alichonga herufi za jina lake pamoja na mwaka katika mti wa kisiwa kilicho ukingoni, na jambo hilo husimuliwa mpaka leo kwa heshima. Kijana wa Kitanzania akichonga herufi zake katika mbuyu ulio ndani ya Hifadhi ya Mikumi, askari wa wanyamapori watamkamata, na watakuwa na haki. Ikiwa kosa ni kosa, basi umaarufu wa mtu usiwe maji ya kulioshea.

Wapo pia wanaosema kwamba kuchora kutani ni desturi ya kuigwa kutoka Marekani, iliyoletwa na nyimbo na sinema. Ni kweli kuwa makopo ya kupuliza na yale maumbo ya herufi zilizovimba yana asili yake katika mabehewa ya treni za New York za miaka ya 1970, na vijana wa kundi la Wachata la Dar es Salaam, ambao wamefanya zaidi ya wengine kuipa kazi hii hadhi katika nchi yetu, hawaoni haya kuikiri asili hiyo. Ela taswira ya ukutani yenyewe si ngeni kwetu. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alichapisha huko London mwaka 1953 kitabu kizima juu ya michoro ya ukutani ya Wayeye, chama cha mafundi wa nyoka katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi, ambao walizipamba nyumba zao za chama kwa sura za nyoka, za mizimu na za watu, ili mwanafunzi aliyekuwa akiingizwa chamani ajifunze kwa macho yale ambayo hayakuandikwa popote. Katika desturi ile nayaona mambo mawili yanayofaa kufikiriwa na wachoraji wa leo: mchoro ulikuwa na maana iliyojulikana na waliouchora na walioutazama, nao ulichorwa katika nyumba ambayo wenyewe waliridhia.

Nitajibiwa kwamba ridhaa haipatikani kila mara, na kwamba kuna maneno ambayo yakingojea idhini hayatasemwa kabisa. Hoja hii siidharau. Katika fitina iliyoikumba Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, msanii Solomon Muyundo, ajulikanaye kwa jina la Solo 7, alizunguka Kibera akiandika katika kuta na vibanda maneno ya kuwasihi watu wadumishe amani, wakati ambapo jirani alikuwa akimchoma jirani. Je, alipaswa kubisha hodi kwanza katika kila kibanda? Nasema hapana, kwa kuwa alichokilinda ni uhai wa watu wale wale waliokuwa na vibanda vile, na hapana mwenye akili ambaye angelikataa. Dharura ya namna hiyo huiondoa lawama. Lakini kijana anayeandika jina la kundi lake katika ukuta mpya wa zahanati ya kijiji, ambao wananchi wameujenga kwa kuchanga mchanga, mawe na nguvu zao, asijifiche nyuma ya Kibera.

Nimechelewa makusudi kuwataja watu ninaowapenda zaidi katika habari hii, nao ni mafundi wa mabango. Hao ndio wachoraji wa Kilosa na Mikumi, na wa kila mji wa kadiri hiyo katika nchi yetu, ambao kwa brashi chache, kamba iliyopakwa chaki na makopo ya rangi ya mafuta huziandika herufi zilizonyooka juu ya ukuta usionyooka, wakamchorea kinyozi vichwa vya mitindo yake, mwenye bucha ng'ombe wake, mkunga mama na mtoto, na mwenye nyumba ya wageni tembo na twiga ili msafiri ajue kuwa amefika katika nchi ya wanyama. Wengi wao hawakupita katika chuo chochote. Walikaa chini ya fundi, wakaosha brashi zake, wakajaza rangi ndani ya herufi alizozipiga mistari, mpaka siku walipoachiwa ukuta mzima. Hakuna gazeti linaloandika majina yao, wala wao wenyewe hawathubutu kuweka zaidi ya jina fupi na namba ya simu katika pembe ya chini, na tangu mabango ya plastiki yachapwayo kwa mashine yalipoenea, kazi yao inakufa mbele ya macho yetu bila ya kuliliwa, kwa kuwa bango la plastiki hutoka siku hiyo hiyo na mwenye duka hana subira. Plastiki hiyo huchanika na kupauka katika jua la misimu michache. Rangi ya fundi hukaa.

Ni hasara kubwa kuliko inavyodhaniwa, maana Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru na akaanza kuchora huko Dar es Salaam mwaka 1968, hakuwa na zana za kifalme. Alikuwa na vibao vya kujengea na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Alikufa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mtu mwingine, baada ya miaka minne tu ya kazi, na katika miaka hiyo minne alikuwa amekwisha kuanzisha mtindo unaoitwa kwa jina lake ulimwenguni kote. Mji unaowadharau mafundi wake wa rangi haujui unamtupa nani.

Kwa hiyo nawaomba wenye madaraka katika Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa watenge kuta. Zipo kuta za masoko, za stendi, za viwanja vya michezo na za maghala ambazo ni mali ya umma, nazo zikitengwa kwa maandishi na kutangazwa, mafundi wa mabango wakapewa ujira na vijana wakawekwa chini yao kama wanagenzi, swali la haki litakuwa limepata jibu na litabaki la ustadi, ambalo kila mpita njia ana ruhusa ya kulijibu apendavyo. Kilosa ina mengi ya kuandikwa. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliufanya Mkondoa upasue kingo zake, ukaing'oa reli na kuwaacha maelfu ya watu bila makazi, na sioni kwa nini pasiwe na ukuta ulio mahali pa wazi unaoonyesha kisa hicho, pamoja na mstari wa kimo ambacho maji yalifika, ili anayetaka kununua kiwanja bondeni auone kabla ya kutoa fedha. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme hupitisha abiria hapo kila siku, na wengi wao hawajui mji wanaoupita. Na huko Mikumi, ambako barabara hukata katikati ya hifadhi kwa masafa ya karibu kilomita 50, wanyama hugongwa na magari usiku na mchana. Vipo vibao vinavyotaja faini, lakini dereva wa lori amevizoea. Ukuta mkubwa mahali anaposimama kula, wenye sura ya nyati na swala kama wanavyoonekana ghafla katika mwanga wa taa, uliochorwa na mkono wa mtu anayeishi hapo hapo na aliyewahi kuyaona mabaki yao asubuhi, huenda ukamfikia.

Halmashauri ikitenga kuta, isizitenge kwa sifa zake tu. Ikiwa kila mchoro sharti umsifu mkubwa fulani au mradi fulani, vijana watarudi chini ya daraja usiku, na sitawalaumu sana. Mchoro unaouliza kwa nini kisima hakitoi maji, mradi haumsingizii mtu wala kumtukana, ustahimiliwe, kwa kuwa mwenye kisima ni mwananchi na mwenye ukuta ni mwananchi. Nyumba za ibada, makaburi, majengo ya kale na nyumba za watu wasioridhia zisiguswe kabisa. Na atakayezigusa asiadhibiwe kwa ukali wa Singapore, ambako mwaka 1994 kijana wa Kimarekani alichapwa viboko vinne kwa kosa la kupulizia magari ya watu rangi. Wala tusiwe wepesi wa kumpeleka gerezani kwa Kanuni ya Adhabu, mahali ambapo atajifunza mambo mabaya kuliko rangi. Anunue rangi kwa jasho lake, aupake ukuta wa mwenyewe upya mchana kweupe, na amwombe radhi.

Jambo la mwisho ni la muda, nalo husahauliwa mpaka ugomvi uanze. Mwenye ukuta ana haki ya kuubomoa au kuupaka upya siku moja, na mchoraji ana moyo. Huko New York, mahali paitwapo 5Pointz, mwenye jengo aliwaruhusu wachoraji kwa miaka mingi, kisha mwaka 2013 akazifunika kazi zao kwa rangi nyeupe usiku mmoja, na mwaka 2018 hakimu akamwamuru awalipe wachoraji 21 jumla ya dola milioni 6.7 na zaidi. Sisi hatuna haja ya kufika huko. Yatosha karatasi moja yenye sahihi mbili, inayotaja ukuta, jina la mchoraji, miaka ambayo mchoro utakaa, na siku ambazo mwenye ukuta atampa taarifa kabla ya kuufuta, ili mchoraji apate nafasi ya kuja kuupiga picha. Nakala moja ikae kwa mwenye ukuta, moja kwa mchoraji, na moja katika ofisi ya mtendaji wa kata.